Ada, Saa na Heshima: Historia ya Darasa la Kiswahili la Mtu Mzima Nchini Uganda, 1875–2022

Ikisiri

Mijadala mingi kuhusu Kiswahili nchini Uganda huhusu sera za serikali na ufundishaji wa watoto shuleni. Makala hii inamtazama mwanafunzi anayetajwa kwa nadra: mtu mzima mwenye kazi na familia, anayetaka kujifunza lugha kwa saa chache za jioni na kwa fedha kidogo. Kwa kutumia mkabala wa kihistoria, makala inafuatilia ni nani aliyemfundisha mtu huyo, na ni nani aliyelipia mafunzo yake, tangu enzi ya Kabaka Muteesa I hadi uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022. Hoja kuu ni kwamba darasa la bei nafuu halikuwahi kukosekana kabisa; ila mlipaji wake wa kudumu alikuwa jeshi na polisi, na sura ya mlipaji huyo ikabandikwa kwenye lugha yenyewe. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba, bila ya mlipaji mwingine kujitokeza, hadhi ya kisheria ya Kiswahili haitamfikia mwananchi aliyekwishapita umri wa shule.

Istilahi muhimu: elimu ya watu wazima, Kiswahili Uganda, ngumbaru, gharama ya ujifunzaji, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imeandikwa mara nyingi kama historia ya maamuzi. Wanazuoni wameujadili waraka wa Gavana William Gowers wa mwaka 1927, uamuzi wa mwaka 1952 wa kukiondoa Kiswahili shuleni, amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022. Mijadala hiyo imetufundisha mengi kuhusu siasa za lugha. Hata hivyo, imeliacha kando swali moja la kawaida kabisa. Mtu ambaye tayari alikuwa ameoa au kuolewa, ana shamba, duka au ajira, na hakukipata Kiswahili utotoni, alijifunzia wapi? Alijifunza saa ngapi? Na ni nani aliyemlipa mwalimu?

Swali hili si la pembeni. Uamuzi wa serikali huwafikia watoto kupitia shule, kwa sababu shule zipo, walimu wapo na ratiba ipo. Kwa mtu mzima, uamuzi huohuo hubaki tangazo la redioni mpaka apatikane mtu wa kumfundisha mahali anapoweza kufika, kwa saa anazoweza kuzitoa na kwa fedha anazoweza kuzimudu. Hivyo basi, historia ya darasa la mtu mzima ni kipimo cha kina cha uamuzi: hutuonesha ni wapi sera iligusa maisha na ni wapi iliishia kwenye karatasi.

2.0 Dhana ya Gharama

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kueleza maana ya “bei nafuu” katika makala hii. Gharama ya kwanza ya mwanafunzi mtu mzima ni ada, na pamoja nayo nauli, daftari na kitabu. Gharama ya pili ni saa. Saa ya mtoto wa shule imekwishatengwa na wazazi na serikali. Saa ya mchuuzi, kibarua au mama mwenye nyumba ni mauzo yaliyopotea, ujira uliokatwa au chakula kilichochelewa. Gharama ya tatu ni heshima. Mtu mzima anayekaa kwenye dawati huweka rehani hadhi yake mbele ya mwalimu ambaye pengine ni mdogo kwake, na mbele ya wenzake wanaosikia makosa yake. Neno ngumbaru, ambalo nchini Tanzania na Kenya limezoeleka kama jina la madarasa ya kisomo cha watu wazima, lina kivuli cha dhihaka ambacho wengi wamekihisi.

Gharama hizi tatu hulipwa na mtu fulani. Asipozilipa mwanafunzi, atazilipa mwajiri, dini, serikali au jirani. Na kila anayelipa huwa na sababu yake, na sababu hiyo huacha alama katika yale yanayofundishwa.

3.0 Mwanafunzi wa Ikulu ya Buganda

Kiswahili kilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, ambao waliingia katika ikulu ya Kabaka tangu miaka ya 1840. Chini ya Kabaka Muteesa I, aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884, lugha hiyo ilikuwa chombo cha biashara, diplomasia na elimu ya dini ya Kiislamu. Muteesa mwenyewe alijifunza Kiswahili na Kiarabu. Henry Morton Stanley alipofika Buganda mwaka 1875, aliweza kuzungumza na wakuu wa ikulu kupitia Kiswahili, na alipoondoka alimwacha kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, mwanafunzi wa zamani wa shule ya misheni ya Zanzibar, ili amsomee na kumfasiria Kabaka maandiko ya Kikristo.

Tukio hili limeelezwa sana katika historia ya dini. Kwa mtazamo wa makala hii, lina sura nyingine. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima mwenye madaraka. Mwalimu alikuwa kijana asiye na cheo. Na masomo yalifanyika mahali pa kazi ya mwanafunzi, yaani barazani pake, kwa saa alizozichagua yeye. Hakulipa ada kwa maana ya kawaida: hazina ya ikulu ilimlisha mwalimu. Heshima yake haikuguswa, kwani mwalimu ndiye aliyemjia. Masharti yote matatu ya gharama yalitimizwa kwa sababu mwanafunzi alikuwa mfalme.

Kutoka ikuluni, usomaji ulienea kwa vijana watumishi na machifu. Misheni ya Waanglikana iliingia Buganda mwaka 1877 na ya Wakatoliki mwaka 1879. Mwanzoni wamisionari walikitumia Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo vitabu na wakalimani wake walipatikana. Upesi, hata hivyo, walihamia katika Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, na kwa Kiganda neno okusoma likawa na maana ya kusoma na pia ya kuabudu. Watu wazima waliofurika katika makanisa ya mwanzo walijifunza kusoma bila ada, lakini walisoma Kiganda. Mlipaji wa kwanza mkubwa wa elimu ya watu wazima, yaani kanisa, akawa amechagua lugha yake.

4.0 Mlango Uliofungwa na Mlango Uliobaki Wazi, 1927–1952

Novemba 1927, Gavana Gowers alitoa waraka uliopendekeza Kiswahili kikuzwe kama lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Upinzani ulikuja haraka. Viongozi wa makanisa waliona kazi yao ya tafsiri ikitishiwa, na baadhi yao walikihusisha Kiswahili na Uislamu. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II alipinga hadharani. Kwa Waganda wengi, Kiswahili kilikuwa kimefungamana na mpango wa kuunganisha Uganda na Kenya, ambako walowezi walikuwa wamepora ardhi. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mpango wa muungano ulikuwa ukijadiliwa London miaka hiyohiyo, na wajumbe kutoka Uganda walikwenda kutoa ushahidi wao mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1931.

Mvutano huo ulimalizika mwaka 1952, pale serikali ya kikoloni ilipotangaza kwamba Kiswahili si tena mojawapo ya lugha zinazotambuliwa katika shule za Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Kipengele hiki cha mwisho mara nyingi hutajwa kwa haraka na kupitwa. Kwa kweli ndicho kiini cha jambo. Mlango wa mtoto ulifungwa. Mlango wa askari ukabaki wazi.

Jeshi lilikuwa limekwishafanya kazi ya kufundisha kwa nusu karne. Tangu kuundwa kwa King's African Rifles mwaka 1902, askari wa keya waliandikishwa kutoka makabila mbalimbali na kuamrishwa kwa Kiswahili. Kijana wa Kiacholi, wa Kilugbara au wa Kiteso aliyeingia kambini bila neno hata moja la lugha hiyo aliipata humo. Hakulipa ada, alilipwa mshahara. Saa zake zilikuwa mali ya mwajiri, kwa hiyo hakupoteza kitu kwa kujifunza. Na heshima yake haikupungua, maana wote waliomzunguka walikuwa wakijifunza pamoja naye. Kwa vigezo vyote vitatu, kambi ilikuwa darasa la bei nafuu kuliko yote nchini.

Lakini kambi ilifundisha Kiswahili gani? Ilifundisha Kiswahili cha amri: simama, kimbia, beba, leta, nyamaza. Ilihitaji askari aelewe na atii. Haikuhitaji asimulie, abembeleze wala aandike barua ya posa. Mwanafunzi aliporudi kijijini kwao, au alipopangwa kulinda barabara, alikuwa na lugha inayotosha kuamuru raia. Raia aliyeisikia kwa mara ya kwanza aliisikia katika sauti hiyo. Wengi wamesema kwamba Waganda walikichukia Kiswahili kwa sababu kilikuwa lugha ya askari. Historia ya darasa inatuwezesha kuongeza hatua moja: kilikuwa lugha ya askari kwa sababu askari ndiye mtu mzima pekee ambaye serikali iliendelea kulipia mafunzo yake.

Njia nyingine za mtu mzima zilikuwapo. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 ilileta mafundi na vibarua waliozungumza Kiswahili. Masoko, maduka na misikiti vilikiendeleza, na katika mji wa Bombo jamii ya Wanubi ilikitumia pamoja na Kinubi chao. Njia hizi zilikuwa huru na za bure. Hata hivyo zilitoa lugha ya mazungumzo peke yake. Aliyejifunza dukani alijua kupatana bei. Hakujua kujaza fomu. Tofauti hii, kama tutakavyoona, ina uzito mkubwa siku hizi ambapo Kiswahili kinatajwa kama lugha rasmi.

5.0 Makerere: Kamati na Darasa la Jioni

Mwaka uleule wa 1952, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilihamishia makao yake Makerere. Kwa takriban miaka kumi, Kampala ikawa makao ya usanifishaji wa lugha ambayo watoto wa Kampala hawakufundishwa. Wataalamu, akiwamo W. H. Whiteley, walikusanya lahaja, walihariri jarida na kupitia miswada ya vitabu. Kazi hiyo ilikuwa ya thamani, na sisi tunaofanya utafiti leo bado tunaitegemea.

Mwaka mmoja baadaye, 1953, Makerere ilianzisha Idara ya Masomo ya Nje ya Chuo. Hii ndiyo iliyolileta kwa watu wazima wa Uganda wazo la kozi ya muda: masomo ya jioni au ya mwisho wa juma katika miji ya mikoani, kwa makarani, walimu na wafanyabiashara ambao wasingeweza kuacha kazi zao. Idara ilijiegemeza katika siasa, uchumi na historia, na lugha yake kuu ilikuwa Kiingereza. Hilo halishangazi. Karani alijua kwamba Kiingereza ndicho kinachopandisha cheo. Angekuwa tayari kuacha chakula cha jioni kwa ajili ya lugha hiyo.

Hivyo katika miaka ya 1950 Makerere ilikuwa na vitu viwili ambavyo vingeweza kukutana: kamati yenye ujuzi wa Kiswahili, na idara yenye ujuzi wa kumfundisha mtu mzima saa za jioni. Mkutano huo haukuzaa mtandao wa madarasa ya Kiswahili kwa raia wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamati ilihamia Mombasa na kisha Dar es Salaam, ambako iliingizwa katika Chuo Kikuu kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964.

6.0 Tawi Lililoota Dar es Salaam

Ili kuelewa kilichokosekana Kampala, hatuna budi kulifuata tawi la idara hiyohiyo ya Makerere lililopandwa Dar es Salaam mwaka 1960. Tawi hilo ndilo chimbuko la Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania, ambayo ilipewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1975. Mbegu ilikuwa moja. Udongo ulikuwa tofauti.

Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni iliyofuata ililipia gharama zote tatu tulizozitaja. Kuhusu ada, masomo yalikuwa bure, na walimu wengi walikuwa walimu wa shule za msingi, watumishi wa serikali na vijana waliomaliza darasa la saba, wakipata posho ndogo. Kuhusu saa, madarasa yalifanyika alasiri, baada ya kazi za shamba, chini ya miti, katika shule, misikiti, makanisa na viwandani. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, kwa hiyo saa ya darasa ilikuwa pia saa ya kazi. Kuhusu heshima, rais mwenyewe alikuwa amesema kwamba taifa haliwezi kungoja watoto wakue, na mtu aliyekwenda darasani alionekana kuwa anatimiza wajibu wa uraia. Vikundi vya kusikiliza redio, hasa vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, viliwakusanya mamilioni ya watu wazima bila dawati hata moja.

Kampeni hiyo ilikuwa ya kusoma na kuandika, haikutangazwa kama kampeni ya kufundisha lugha. Hata hivyo, kwa mkulima wa Usukuma aliyezungumza Kisukuma nyumbani, kujifunza kusoma kulikuwa pia kujifunza Kiswahili kilichoandikwa. Takwimu za serikali zilionesha kwamba katika sensa ya mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, idadi hiyo ilitajwa kuwa chini ya mmoja katika kumi. Hata tukizipunguza takwimu hizo kwa tahadhari inayostahili, na tukikumbuka kwamba mafanikio hayo yalirudi nyuma uchumi ulipodorora, jambo moja halibishaniwi: mtu mzima wa Tanzania alikutana na Kiswahili sanifu katika kikundi cha majirani zake, mbele ya mwalimu asiye na bunduki.

7.0 Amri na Chakamchaka, 1973–1995

Nchini Uganda mambo yalikwenda kinyume. Serikali ya Idi Amin ilipokusanya maoni ya wilaya kuhusu lugha ya taifa, wilaya 12 zilichagua Kiswahili na 8 zikachagua Kiganda. Mwaka 1973 Kiswahili kikatangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa. Redio na televisheni zilikitumia. Lakini amri hiyo haikufuatwa na mtandao wa madarasa ya watu wazima uliolingana na uzito wake. Aidha, Waasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, na pamoja nao likadhoofika duka la Mhindi, mahali ambapo wateja wengi walikuwa wakijifunza Kiswahili cha mauzo bila kujua kwamba wanajifunza. Darasa la bei nafuu lililobaki na nguvu likawa lilelile la kambi, na sasa kambi hiyo ilikuwa ikiwatisha raia. Kiswahili kikasikika kwenye vizuizi vya barabarani na milangoni usiku.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, raia wengi walikisikia Kiswahili cha namna nyingine, chenye salamu na samahani. Kumbukumbu hiyo hutajwa mara kwa mara na wazee. Ilionesha kwamba ukali haukuwa ndani ya lugha. Hata hivyo, wazungumzaji wake walikuwa bado wamevaa sare.

Baada ya mwaka 1986, serikali ya National Resistance Movement ilianzisha mafunzo ya siasa kwa raia yaliyojulikana kama chakamchaka, jina lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili cha mchakamchaka wa asubuhi. Watumishi wa umma, walimu na viongozi wa vijiji walipitia kozi hizo fupi. Kwa baadhi yao, hapo ndipo walipokaa kwa mara ya kwanza wiki kadhaa wakiisikia na kuitumia lugha hiyo. Kwa mara nyingine tena, raia mtu mzima alipata mafunzo ya bure; na kwa mara nyingine tena, aliyelipa alikuwa mkufunzi wa kijeshi.

Sambamba na hayo, mwaka 1992 serikali ilianzisha programu ya kisomo cha watu wazima chenye manufaa, iliyoendeshwa kwa kiasi kikubwa na wakufunzi wa kujitolea vijijini. Programu hiyo ilitumia lugha za wenyeji, na ilikuwa sahihi kufanya hivyo, kwani mtu husoma kwanza lugha anayoijua. Lakini haikuwekewa ngazi ya pili ambayo ingemchukua mhitimu kutoka Kiganda, Runyankole au Ateso hadi Kiswahili. Waraka wa serikali kuhusu elimu wa mwaka huohuo ulisisitiza kufundishwa kwa Kiswahili shuleni. Mtoto akapangiwa Kiswahili. Mzazi wake akapangiwa lugha ya nyumbani.

8.0 Lugha Rasmi na Mwanafunzi Asiye na Dawati, 2005–2022

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiidhinisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kutekeleza azimio hilo. Uamuzi wa 2022 uliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi na sekondari. Uliagiza pia kuanzishwa kwa mafunzo kwa ajili ya Bunge, Baraza la Mawaziri na vyombo vya habari.

Agizo hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Hapa watu wazima wanatambuliwa waziwazi kuwa wanafunzi. Waziri atafundishwa mahali pake pa kazi, katika saa zake za kazi, kwa fedha za umma, pamoja na wenzake wa cheo kimoja. Masharti matatu yametimizwa, kama yalivyotimizwa kwa Muteesa. Wasiotajwa ni karani wa mahakama atakayepokea hati ya Kiswahili, muuguzi wa hospitali ya mpakani, dereva wa lori anayesubiri Malaba, mama wa soko la Owino anayeagiza bidhaa kutoka Mombasa, na mzazi ambaye mtoto wake analeta nyumbani daftari la Kiswahili asiloweza kulikagua.

Mtu wa namna hii akitafuta darasa leo, atakutana na milango ya aina tatu. Wa kwanza ni vyuo vikuu na taasisi, ambavyo kozi zake nyingi hupangwa kwa muhula na kwa saa za mchana, na hudai vyeti ambavyo huenda hana. Wa pili ni kozi za Kiswahili kwa wageni, zilizostawi sana Zanzibar, Arusha na Nairobi. Hizi zina walimu hodari, lakini bei na vitabu vyake vimepangwa kwa ajili ya mgeni wa ng'ambo, na huanzia katika Kiingereza. Anayezungumza Kiganda au Runyankole, lugha za Kibantu zenye ngeli na viambishi vinavyofanana na vya Kiswahili, hulazimika kupita njia ndefu ya Kiingereza ili kufika nyumba ya jirani. Wa tatu ni masomo ya intaneti. Duolingo ilianza kutoa Kiswahili mwaka 2017, bila malipo, lakini nayo kwa wanaojua Kiingereza. Simu imeondoa nauli, na kwa sehemu imeondoa aibu, kwa maana mtu hukosea akiwa peke yake. Haikuondoa gharama ya bando, na haina mtu wa kujibu salamu.

Uwezo wa kulitatua tatizo hili haukosekani. Majengo ya shule hukaa matupu kila jioni. Walimu wa Kiswahili wanaoajiriwa kwa ajili ya mtaala wa lazima watakuwapo wilayani. Wakufunzi wa kisomo cha watu wazima wanajua namna ya kuzungumza na mtu mzima bila kumvunjia heshima. Kinachokosekana ni mlipaji wa posho ya mwalimu kwa jioni mbili za juma, na kitabu kinachoanzia katika lugha ya mwanafunzi. Kitabu cha namna hiyo kingeweza kufika mbali kwa kurasa chache, maana kingemwonesha msomaji kwanza yale ambayo tayari anayajua.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba katika takriban miaka 150, mtu mzima wa Uganda hakukosa kufundishwa Kiswahili. Alifundishwa pale tu alipopatikana wa kulipia ada, saa na heshima yake. Hazina ya ikulu ililipa kwa ajili ya mfalme. Kanisa lililipa na likachagua Kiganda. Jeshi na polisi walilipa muda mrefu kuliko wote, na lugha ikachukua sauti yao. Uzoefu wa Tanzania umeonesha kwamba mlipaji akibadilika, sauti nayo hubadilika.

Kwa msingi huo, makala inapendekeza mambo matatu. Mosi, ngazi ya Kiswahili iongezwe katika mfumo uliopo wa kisomo cha watu wazima, badala ya kuanzisha chombo kipya. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, isimamie uandishi wa vitabu vya watu wazima vinavyoanzia katika lugha kubwa za nchi wanachama. Rwanda, iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, nayo ingefaidika, kwa sababu mzungumzaji wa Kinyarwanda yuko katika hali ileile. Tatu, mafunzo yaliyoagizwa kwa ajili ya mawaziri na wabunge yafunguliwe kwa watumishi wa ngazi za chini wanaokutana na wananchi kila siku.

Mtoto aliyeanza Kiswahili sekondari mwaka 2020 hatakuwa mwenye kauli katika baraza la kijiji kabla ya miaka mingi kupita. Katika muda huo, wenye kauli ni wazazi wake. Wao ndio watakaoamua kama mtoto huyo atapata mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo nyumbani, au kama ataiacha mlangoni pamoja na sare ya shule.